Antivirusi ya kulipia: ipi inafaa ofisi ndogo?

Kama una kompyuta mbili tu za Windows 11, usinunue kitu. Microsoft Defender imo ndani tayari, haina malipo, na kwa kazi za kawaida inatosha. Mwongozo huu ni wa mwenye stationery, shule au duka la jumla: mashine tano na kuendelea, flashi za wateja zinachomekwa kutwa, na fundi anaitwa pale tu mambo yakiharibika.

Kwa ofisi ya namna hiyo, bidhaa kubwa hazipishani sana katika kukamata virusi. Zinapishana kwenye ukurasa wa usimamizi, yaani kama utaona kwa urahisi ni mashine ipi imezimwa ulinzi, na kwenye kula bando.

1. Bitdefender GravityZone (Romania). Naiweka juu kwa ajili ya bando. Unateua kompyuta moja kuwa Relay; hiyo inapakua masasisho, zilizobaki zinachukua kwake kupitia mtandao wa ndani. Mashine ishirini hazipakui kitu kilekile mara ishirini. Chagua isiyozimwa ovyo. Ukurasa wake una vitufe vingi mno, kwa hiyo mlipe fundi akupangie.

2. ESET PROTECT (Slovakia). Hailemei mashine za zamani. Nayo ina njia ya kugawana masasisho, ESET Bridge, ila ni programu ya pembeni ya kusakinisha. Kama kompyuta zako ni kuukuu, ipande iwe ya kwanza.

3. Microsoft Defender for Business, toleo la kulipia la Defender kwa ajili ya biashara. Bei iliyotangazwa ni dola 3 kwa mtumiaji kwa mwezi, na kila mtumiaji anaruhusiwa vifaa vitano. Rahisi, sivyo? Lakini haikubali Windows Home, na laptopu nyingi za dukani ndizo hizo. Tena inahesabu watu, kwa hiyo haiendani na saiba ambako kila anayeingia ni mgeni.

4. Kaspersky (Urusi). Uwezo inao. Hata hivyo Marekani ilipiga marufuku kuiuza nchini humo mwaka 2024, basi kama unashirikiana na wafadhili wa Kimarekani, waulize kwanza.

Avast ya bure sikuipanga kabisa: leseni yake ni ya matumizi binafsi, si ya biashara. Isitoshe, mwaka 2024 kampuni hiyo ilitakiwa na mamlaka za Marekani kulipa dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti wanazotembelea watumiaji wake.

Anza na muda wa majaribio. Pakua faili la EICAR, ambalo halina madhara na lilitengenezwa kwa ajili ya kupima antivirusi. Likipita kimya, kuna kitu hakijawashwa. Na akaunti ya usimamizi ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, si ya fundi, ikiwa na uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu anayeingia humo anaweza kuzima ulinzi wa mashine zote kwa mpigo.