Soko la vinyago la Mwenge: tathmini ya mnunuzi anayependa kuuliza

Soko la vinyago la Mwenge, jijini Dar es Salaam, husifiwa zaidi kama mahali pa kupata zawadi kabla ya kupanda ndege, na kwa haja hiyo linatosha kabisa. Tathmini hii inalipima kwa kipimo kingine. Mtu anayetoa fedha zake kwa kinyago cha Kimakonde ananunua mpingo, ananunua ufundi wa mkono, na pamoja na hivyo ananunua maelezo: huyu aliyechongwa ni nani, anafanya nini, na kwa nini amechongwa akiwa amepindika namna ile. Ubora wa maelezo hayo hutofautiana mno ndani ya soko lilelile, wakati mwingine baina ya vibanda viwili vinavyotazamana. Nilikwenda nikiwa na nia ya kuuliza kuliko kununua, ingawa mwishowe niliondoka na kazi moja chini ya kwapa.

Mgeni hupokewa kwanza na wauzaji. Ni watu wakarimu, wepesi wa salamu, na hawakasiriki ukigusa bidhaa kisha ukairudisha mahali pake. Kasoro yao ni kwamba wengi wamekariri. Ukisimama mbele ya kinyago cha mtindo wa ujamaa, yaani ule mnara wa watu waliobebana na kushikamana kutoka chini hadi juu, utaambiwa kwamba huo ni mti wa uzima na kwamba unaonyesha umoja wa familia. Ukihamia kibanda cha pili, mbele ya mnara mwingine wenye watu tofauti kabisa, utasikia sentensi hiyohiyo, pengine kwa mpangilio uleule wa maneno. Maelezo hayo hayana uongo ndani yake, lakini kwa kuwa yanakifaa kila kinyago, hayamsaidii mnunuzi kukitofautisha hata kimoja. Nilimwuliza muuzaji mmoja kwa nini mwanamke wa katikati ameshika kibuyu ilhali wenzake wote wameshikana mikono, naye akanijibu kwa upole, "Dada yangu, hiyo ni umoja tu." Bei alikuwa anaijua vizuri zaidi.

Jambo hilo linasikitisha kwa sababu mtindo wenyewe una historia inayostahili kusimuliwa. Wachongaji wa Kimakonde waliokuja Tanganyika kutoka nyanda za juu za Mueda, kaskazini ya Msumbiji, walivuka Mto Ruvuma wakitafuta kazi, wengi wao katika mashamba ya mkonge, na baadhi wakaishia Dar es Salaam ambako katika miaka ya 1950 wafanyabiashara kama Mohamed Peera walikuwa wakinunua kazi zao. Mwanzo wa minara ya watu unahusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, na kazi zake za awali za namna hiyo ziliitwa dimongo: zilimwonyesha mshindi wa mieleka akiwa amebebwa juujuu na wenzake wanaomshangilia. Baadaye, nchi ilipoingia katika siasa ya Ujamaa na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, minara ile ikapewa jina jipya, na pamoja na jina ikapata maana mpya. Mshindi aliyekuwa juu ya wenzake akageuka kuwa mmoja tu katika jamii inayobebana. Mti ni uleule na patasi ni zileile, ila sasa mtazamaji anaangalia vichwa vyote, siyo kile cha juu peke yake. Muuzaji ambaye angemweleza mteja habari hiyo kwa dakika mbili angekuwa amemwuzia kitu kikubwa kuliko huo "umoja tu".

Ushauri wangu, basi, ni kupita mbele na kwenda mahali mafundi wanapokaa. Hutapotea njia, kwa sababu utasikia mlio wa tezo kabla hujawaona, na chini utaanza kukanyaga mabaki ya mbao. Huko huduma inabadilika. Hakuna anayekukimbilia, kiti ni kigogo, na ukija kwa haraka utajibiwa kwa haraka. Nilimkuta mzee mmoja akiwa ameketi chini, amelibana gogo kati ya nyayo zake, akilizungusha kwa vidole vya miguu kila alipotaka kufikia upande wa pili. Alikuwa ameacha ukanda mwembamba wa tabaka la nje la mpingo, lile lenye weupe wa manjano, ukapita mgongoni kwa mtu mmoja katika mnara na kuishia begani kwa mwingine, huku sehemu nyingine yote ikiwa ni kiini cheusi. Nilidhani ni pambo. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwuliza ukanda ule ni wa nini, akaendelea kupiga patasi kwa muda kabla ya kujibu: "Huyu na huyu ni ndugu. Wengine wameoana tu na ukoo."

Nikamwuliza tena juu ya mtu wa chini kabisa, mzee mwenye ndevu aliyeonekana kulemewa na mzigo wa watu wote waliomkalia. Kila muuzaji niliyekutana naye alikuwa amenieleza kwamba wa chini ndiye anayewabeba wengine. Fundi akatikisa kichwa. Alinionyesha kwa ncha ya patasi mikono ya watoto wawili iliyopitishwa chini ya makwapa ya mzee, na mguu wa mwanamke uliokanyaga chini pembeni yake, mguu ambao sikuwa nimeuona. "Huyo ni babu, amechoka. Hajambeba mtu. Wamemshika asianguke." Niliuzunguka mnara ule upya na kweli mizigo yote ilikuwa inakwenda upande usiotarajiwa: uzito ulishuka kupitia kwa vijana, ukampita babu, ukafika chini bila kumgusa. Ni maneno machache, lakini yalikuwa yameelekezwa kwenye mkono fulani na mguu fulani, na kazi yenyewe ilikuwa na uwezo wa kuyathibitisha. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha maelezo mazuri ya msanii. Yakiondolewa, kinyago bado kinasimama. Yakirudishwa, unakiona kitu kilichokuwemo tangu awali.

Mtindo wa shetani unadai utaratibu tofauti, na hapa naomba nitofautiane na wale wanaotaka kila kitu kifafanuliwe. Mchongaji Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo umezaa viumbe wasio na idadi: wenye jicho moja, wenye sikio lililogeuka kuwa mkono, wenye tumbo lililo wazi ambalo ndani yake kuna uso mwingine. Marehemu George Lilanga, aliyeishi kati ya mwaka 1934 na 2005 na ambaye alianzia kwenye uchongaji kabla ya kuhamia kwenye rangi, aliwajaza mashetani hao katika picha zilizotundikwa katika nchi za mbali, wakiwa na masikio makubwa na vicheko vya watu wa mtaani. Mashetani wa Kimakonde hawatishi tu. Wana ulafi, wana wivu, wana mizaha, na mara nyingi wanafanana na jirani ambaye kila mtu anamjua lakini hakuna anayemtaja. Ndiyo maana maelezo ya moja kwa moja huwaharibu. Kijana mmoja aliyekuwa akipiga msasa shetani mwenye midomo miwili alinijibu kwa swali: "Wewe umemwona nani hapo?" Nilipomtajia, bila jina, aina ya mtu niliyemwona, alicheka akasema basi ni huyohuyo. Mteja mwingine angeweza kuliona jibu hilo kuwa ni kukwepa kazi. Mimi nililiona kuwa huduma ya daraja la kwanza, kwa maana kijana alikuwa anajua kwamba kinyago cha namna ile humaliziwa na anayekitazama.

Mtindo wa mawingu, ule wa maumbo laini yaliyopinda na kutobolewa bila sura kamili ya mtu, haupatikani kwa wingi, na uliopo umewekwa nyuma ya twiga na tembo. Uulizie, maana ukitegemea macho peke yake hutauona.

Twiga na tembo wenyewe sina neno nao, wala wale Wamasai wembamba warefu waliopangwa kama askari wa gwaride. Ni bidhaa safi, zinauzwa kwa jina lake, na zinawalisha watu. Ninachokilalamikia ni kuzivika hadithi isiyo yake. Wamakonde wanayo masimulizi ya asili yao, ya mtu wa kwanza aliyeishi peke yake porini, bila kuoga wala kunyoa nywele, akachonga umbo kutoka katika mti na kulisimamisha; usiku likageuka kuwa mwanamke, na watoto wao wakafa mpaka walipohamia kwenye uwanda wa juu, ndipo mtoto akaishi. Ni masimulizi mazito, na yanaeleza kwa nini uchongaji kwa watu hao unakaa karibu na uzazi na siyo karibu na mapambo. Nilipoyasikia yakisimuliwa juu ya jozi ya vishikio vya vitabu vyenye umbo la tembo, niliona aibu kwa niaba ya tembo. Maneno yanapotangulia mbele ya kazi kwa umbali huo, mnunuzi makini huanza kushuku hata yale yaliyo ya kweli.

Shaka hiyo inahusu pia mti. Katika kibanda kimoja, ambacho sitakitaja, nilikabidhiwa kinyago kilichosifiwa kuwa ni mpingo mtupu, na nilipokirudisha viganja vyangu vilikuwa vimeshika weusi wa rangi ya viatu. Mpingo halisi huhitaji kujulikana kwa uzito wake kabla ya rangi yake: ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini, na ubaridi wake mkononi ni tofauti na wa mbao nyepesi zilizopakwa rangi. Tazama pia sehemu za ndani za tundu na mikunjo, ambako brashi haifiki vizuri. Kama huko kuna wekundu au weupe usio na mpango, umeshajibiwa. Sipingi kuchonga mti mwingine, kwani mpingo hukua polepole sana, kwa makumi ya miaka, na pia unatafutwa na watengenezaji wa klarineti na ala nyingine za kupuliza. Fundi anayesema waziwazi kwamba ametumia mti mwepesi kwa sababu mpingo umepanda bei anastahili kulipwa, na mauzo yake yanafuata maelezo yake.

Kuhusu bei, mapatano ni sehemu ya utaratibu na hakuna haja ya kuyachukia. Bei ya kwanza kwa mgeni inaweza kuwa mbali sana na ya mwisho, hasa mbele sokoni. Kwa mafundi tofauti ni ndogo, na niligundua kwamba baada ya kuzungumza juu ya kazi kwa kirefu, hamu yangu ya kubishana iliisha. Huenda hiyo nayo ni mbinu ya kibiashara, na kama ndiyo, ni mbinu halali. Nilinunua mnara mdogo wa fundi yuleyule, wenye babu mwingine wa chini, kwa bei iliyokuwa juu ya ile niliyotajiwa mbele kwa kinyago cha urefu huohuo. Sijutii.

Ufungaji ni wa magazeti na gundi ya karatasi, imara vya kutosha kwa safari ya basi lakini si kwa mzigo wa ndege, hivyo beba nguo ya kukizungushia, hususani vidole na masikio ambavyo huvunjika kwanza. Anayekusudia kuvuka mpaka akumbuke kwamba tangu mwaka 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; vitu vidogo vya mtu binafsi kwa kawaida havina usumbufu, ila mzigo mkubwa wa biashara una taratibu zake, na risiti ni vyema kuihifadhi.

Ni kwenye risiti ndipo nina pendekezo la dhati kwa wauzaji wa soko hili. Yangu iliandikwa "kinyago 1" na kiasi cha fedha. Niliomba iongezwe jina la aliyekichonga, mahali anakotoka, na kile alichosema juu ya babu wa chini. Muuzaji aliyekuwa na kitabu cha risiti alishangaa kidogo, kisha akamwita fundi, wakasaidiana tahajia, na nafasi iliyobaki kwenye karatasi ikatosha. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko mapatano ya bei. Kinyago kikifika sebuleni kwa mtu aliyeko Dodoma au Muscat, fundi hatakuwepo kujibu, na karatasi ile ndiyo itakayosema kwa niaba yake. Vibanda vingi havijafikiria hilo, ingawa gharama yake ni wino.

Kwa mtu mwenye saa moja na orodha ya zawadi, soko la Mwenge ni zuri na mbele panamtosha. Kwa mtu anayetaka kinyago kimoja atakachoishi nacho, ninalipendekeza bila kusita, mradi aende asubuhi siku ya kazi, asianze kwa kuuliza bei, na akubali kwamba baadhi ya mafundi walio bora kabisa hawatamweleza chochote mpaka aonyeshe kwa kidole mahali anapopauliza.