TAHADHARI: Mkanda wa mgongo wa "sumaku 20" unaouzwa laivu ni wizi wa mchana kweupe

Imfikie kila mwenye mzazi anayelalamika kiuno. Yule jamaa wa koti jeupe anayeingia laivu kila jioni, yule yule aliyekuwa akiuza dawa za gesi ya tumbo, sasa amehamia kwenye mikanda ya mgongo. Safari hii amemliza mzee wa watu, dereva mstaafu wa malori: 85,000 ya mkanda, 5,000 ya boda, na 20,000 juu yake ya "kubadilisha saizi". Mzee si wa kwanza, ila ndiye wa kwanza kukubali jambo liandikwe. Wengine wanaona aibu, na aibu yao ndiyo mtaji wa huyu mwizi.

Na wale walioanza na "wazee nao wanapenda vya mtandaoni", acheni. Fuateni alivyopigwa, halafu mseme kama msingelipa.

Laivu inaanza na kijana anayeitwa "kutoka mtaani", kashika kiuno. Anaambiwa asimame miguu pamoja, anyooshe mkono mmoja pembeni usawa wa bega. Koti Jeupe anausukuma ule mkono chini kwa vidole viwili tu, kijana anapepesuka. "Mnaona? Pingili za kiuno, L4 na L5, hazina nguvu." Anamfunga mkanda, anasukuma tena, safari hii kwa kiganja kizima huku akikunja uso kama kabeba gunia la mchele. Kijana hatikisiki. Komenti zinamiminika, "nahitaji", "bei gani", "mpo Mwanza?"

Mchezo uko hivi. Mara ya kwanza anasukuma kwenye kifundo cha mkono, na anasukuma kuelekea nje, mbali na mwili. Hapo hata mnyanyua vyuma atapepesuka, kwa sababu uzito unamvuta nje ya miguu yake. Mara ya pili kiganja kimehamia karibu na kiwiko na kinasukuma kuelekea mwilini, yaani anamkandamiza mtu juu ya miguu yake mwenyewe. Muangalie mkono muuzaji, usiangalie mkanda. Mchezo huu ni wa siku nyingi, umeshauza bangili za "nishati" na soli za sumaku, na utafanya kazi hata ukimfunga kijana kanga.

Kisha anamwinamisha. Bila mkanda vidole vinaishia magotini, akifungwa vinafika kwenye muundi. Jaribu mwenyewe nyumbani bila kufunga chochote: mara ya pili na ya tatu unashuka zaidi, kwa sababu misuli ya nyuma ya paja imeshalegea na woga wa kuinama umepungua.

Hayo mawili mzee aliyaona kwenye simu na hakutoa hata senti. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye meza yao Kariakoo, akasimama, akaguswa mgongo. Hapa ndipo watu wanapokosea kumcheka. Alifungwa mkanda wa kijivu wa maonyesho, na ule mkanda ni wa kweli. Nyuma una kimo cha sentimita 25 hivi, unaanzia chini ya mbavu mpaka juu ya makalio. Ndani ya mifuko yake kuna vyuma vinne vya springi bapa, na pembeni kuna mikanda miwili midogo ya lastiki ya kukazia. Unaufunga kwanza kwa kipande kipana cha mbele, halafu unavuta hiyo miwili kwa pamoja na kuibandika. Ukikazwa hivyo na mtu anayejua, tumbo linabanwa, kiuno kinazuiwa kujikunja ghafla, misuli iliyokuwa imekakamaa inapumua. Nafuu ile si ya kufikirika, na kwa baadhi ya watu huja pale pale. Mzee aliyekuwa halali usiku akatembea hatua kumi bila kushika ukuta. Nani asingelipa?

Alipewa na ushahidi mwingine. Ukutani kulikuwa na karatasi yenye nembo, ndani ya fremu, ikiitwa "kibali". Picha yake ipo: ni cheti cha TIN. TIN inasema mtu anajulikana kwa kodi. Vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na usajili wake ni wa kifaa chenyewe, wenye jina la bidhaa na la mtengenezaji. Lakini mtu mwenye maumivu akiona fremu, nembo na koti jeupe, hasomi maandishi madogo.

Baada ya hapo akaambiwa, "Baba, huu ni wa maonyesho, wako unatoka godauni kwa saizi yako." Hakupimwa. Aliulizwa anavaa suruali namba ngapi. Bei ni 180,000, ofa ya leo tu 85,000, lipa kwenye namba hii. Namba ilitoa jina la mwanamke. "Ni mhasibu wetu."

Kesho yake boda akafika na boksi lililozungushiwa gundi ya karatasi pande zote. Sharti: 5,000 yake kwanza, ndipo boksi libaki. Msimlaumu boda, yeye kapewa mzigo na ramani tu.

Kilichokuwa ndani ni hiki. Mkanda mweusi wenye kimo cha sentimita 15, mwembamba, wa tabaka moja. Ile mikanda miwili ya kukazia ipo, lakini imeshonewa juu kama urembo: ncha zake zimeshonwa kwenye kipande kile kile cha mbele, kwa hiyo ukiivuta haikazi kitu. Mahali pa vyuma kuna vipande vya plastiki vyembamba kama jalada la faili, na vimekatwa bila kuviringishwa ncha, kwa hiyo vitatoboa kitambaa na kuchoma ngozi. Springi bapa ukiikunja pembeni inarudi yenyewe ikiwa imenyooka. Plastiki ile ukiikunja mara moja inabaki na mstari mweupe, na kuanzia hapo inajikunjia pale pale kila unapoketi. (Mikanda mingine mizuri ina vipande vya aluminiamu ambavyo hubaki vilivyokunjwa. Hiyo ni kawaida, vinakusudiwa kufuata umbo la mgongo, ila utahitaji nguvu ya kweli kuvikunja.)

Lastiki nayo imekufa kabla ya kuvaliwa. Pima kipande cha sentimita 20, kivute mpaka 30, achia. Cha mkanda ule kimerudi 23. Mkanda wa namna hiyo utaufunga asubuhi, ukifika saa sita umeshuka kwenye nyonga na umejikunja kama kamba, ukibana tumbo kwa chini na kuuacha mgongo wazi. Velkro imebandikwa kwa gundi na mshono mmoja katikati, pembe zinanyanyuka.

Sasa tuje kwenye "sumaku 20". Vidonge vyeusi ni 20 kweli. Vilivyoshika pini ni 8, vilivyobaki ni plastiki. Na hata vyote vingeshika, isingesaidia kitu: nguvu ya sumaku ndogo kama hiyo inaisha ndani ya sentimita chache, wakati pingili zimefunikwa na ngozi, mafuta na msuli mnene. Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, liliwapa watu 20 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu sumaku za kweli na za bandia kwa zamu. Tofauti ya maumivu haikuonekana.

"Lakini unapasha moto!" Ndiyo, unapasha. Kwenye kile kitambaa cha ndani kuna unga wenye harufu ya kafuri, na maelekezo yanasema unyunyizie maji kabla ya kufunga. Hiyo ni kuchua mgongo kwa bei ya 85,000. Ngozi inawashwa, damu inakuja juu, jasho halina pa kutokea, unahisi joto. Mwenye kisukari ambaye ngozi imepungua hisia anaweza kuungua asijue mpaka aone malengelenge. Na mwenye betri ya moyo asisogeze mkanda wa sumaku mwilini mwake kabisa, ile ya kweli iliyomo inatosha kuleta matatizo.

Mzee alipopiga kulalamika hawakumkatalia, na hapo ndipo utajua ni watu wenye uzoefu. "Pole baba, tatizo ni saizi. Tuma 20,000 ya kubadilisha, wa kwanza baki nao." Akatuma. Ndipo wakamblok.

Tungeweza kusema ni hela tu, hela hutafutwa. Kinachouma ni maneno ya mezani: "Kliniki acha, watakuchoma sindano za mgongo upooze. Mkanda unarudisha diski mahali pake siku 21." Huyu mtu anastahili kufungwa kwa sentensi hiyo peke yake. Hakuna mkanda unaorudisha diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeiweka mikanda ya kiuno kwenye orodha ya vitu ambavyo halishauri vitumike kama tiba ya kawaida, na mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, wa mwaka 2016 ulishasema vivyo hivyo. Hiyo ni mikanda ya kweli! Mkanda mzuri una kazi yake ndogo: kukusitiri saa chache unapobeba, unaposafiri barabara mbovu, au siku za mwanzo za maumivu makali. Aliyevunjika pingili au kufanyiwa upasuaji hupewa kifaa kingine, kigumu, kinachopimwa mwilini mwake na fundi wa vifaa vya mifupa, wale wanaosomea chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa hospitali kubwa. Hakiuzwi kwa namba ya suruali.

Na mzee amepoteza wiki tatu za kliniki. Kwetu huku maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kinatibika kikiwahiwa. Ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka bila taarifa, miguu kuishiwa nguvu: hiyo ni kukimbizwa hospitali usiku huo huo. Mtu anayemwambia mgonjwa wa mgongo aache kliniki bila hata kumuuliza maswali hayo si mfanyabiashara mjanja, ni hatari kwa jamii. Afungwe. Afungwe na yule "mhasibu", na yule kijana wa kupepesuka naye, maana siku nyingine kaonekana kwenye laivu ya dawa za macho akiwa kipofu.

Wanaouliza "tutawatambuaje wengine": mkanda unaojaribishwa nao sio unaopewa. Hapo pekee panatosha kuondoka. Jina kwenye muamala halifanani na duka, na hawana lipa namba. Boksi halifunguliwi kabla ya kulipa. Wanauliza suruali, hawazungushi futi ya fundi kwenye kiuno chako usawa wa kitovu. Ahadi ina tarehe, siku 21, siku 14. Boksi halina jina la mtengenezaji wala namba ya toleo. Mengine mnayaona wenyewe.

Ukilazimika kununua, nunua duka la vifaa tiba, vaa pale pale juu ya fulana nyepesi, kisha keti. Ukiketi mkanda haupaswi kugonga mbavu wala kukata mapaja. Vidole viwili viingie kati ya mkanda na tumbo kwa shida kidogo, na uweze kuvuta pumzi hadi mwisho. Usilale nao. Mjamzito ana mkanda wake tofauti, unaobeba tumbo kutoka chini, asifungwe huu. Na bila mazoezi na kutembea, mkanda ni nguo tu.

Waliokwisha kulipa: pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, dakika hizo hizo, kabla pesa haijatolewa. Ikishatolewa, nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), taja kwamba malipo yalifanyika kwa simu na tangazo lilikuwa mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa watu kama hawa. Ujumbe wa kuomba pesa usambaze kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. TMDA na FCC (Tume ya Ushindani) nao wapelekewe, hasa picha ya ile "kibali". Rekodi laivu zake kabla hajazifuta, piga picha ya ukurasa, ya muamala na ya namba zote alizopigia.

Mkanda usiutupe, usiuchane kwa hasira, wala usimrudishie hata akisema anakurudishia hela yako. Uweke ndani ya boksi lake pamoja na ile gundi ya karatasi. Ni kidhibiti, na polisi watauliza kitu cha kwanza hicho.