Dakika kumi hadi uwanja wa gofu, ukishahamisha bahari

Ujumbe wa ajenti bado ninao kwenye simu: "Malazi ufuoni, dakika kumi hadi uwanja wa gofu." Nikatuma pesa yote kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, maana mimi nikisikia neno ufuo akili hunitoka. Tulikuwa wanne: mimi, mama watoto, shemeji na mkewe. Gofu ni ugonjwa wetu mimi na shemeji. Wake zetu walitaka bahari na kutembezwa.

Tulishuka treni pale Miritini, dereva akatupeleka Nyali. Nyumba nzuri, sikatai. Upepo wa bahari hadi chumbani, na usiku mpishi akatupa samaki wa kupaka. Nikalala nikijua kesho ni kuvuka barabara tu, kwa sababu Nyali kuna uwanja wa mashimo 18.

Asubuhi shemeji anasoma risiti. Ada tuliyolipiwa ni ya uwanja wa Diani.

Diani! Asiyeijua Mombasa aelewe kwamba mji wenyewe ni kisiwa. Nyali iko kaskazini yake, Diani kusini. Unavuka daraja, unaukata mji mzima, unapanga foleni ya magari Likoni, unavuka kwa feri, halafu bado una kama kilomita 30 mbele yako. Na zamu yetu ya kuanza ni saa moja na dakika arobaini.

Hapo Likoni, watu wa kwenda kazini wakimiminika kutoka ng'ambo na gari letu halisogei, nikampigia ajenti. Alipokea mara ya nne.

"Dakika kumi ni kwa wanaotua na ndege Ukunda, hapo Diani, mzee."

"Tumekuja na treni. Tiketi si umekata wewe?"

"Sasa mzee, bahari niisogeze?"

Akacheka, akakata. Nimekaa dirishani nikihudumia watu miaka mingi, nimetukanwa na wenye haki na wasio na haki, na sijawahi kumcheka mtu aliyekwisha kunilipa. Shemeji akaanza kucheka naye. Nikanyamaza hadi Ukunda.

Tulifika saa tatu kasorobo. Zamu ilishapita, na aliyenusuru siku hatukumlipia kwa ajenti yeyote: kedi mmoja wa makamo, mbeba fimbo za wachezaji. "Poleni wazee wangu, kaeni hapo kivulini niwaombee." Akatuombea, tukaingizwa nyuma ya kundi la wageni. Kusi ilikuwa inavuma, kila mpira wangu ukatafuta mbuyu. Yule kedi hakucheka hata mara moja, alininyooshea fimbo nyingine tu na kusema, "Hii haina hasira." Tumbili walituachia mipira, wakafungua mfuko wa pembeni na kuondoka na mandazi. Kwa saa nne nilisahau nina ugomvi na mtu. Nikasema moyoni, basi, safari hii nitaipa nyota tatu. Akina mama nao walikuwa wametembea hadi msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, wakarudi wakiwa na furaha. Nyota nne, karibu.

Kisha nikasoma ratiba ya kesho. Safari ya kuona pomboo Kisite, hifadhi ya baharini: boti inaondoka Shimoni, kusini zaidi ya Diani. Yaani turudi kulala Nyali, tuamke usiku, tupande feri ileile, tupite mlangoni mwa uwanja tuliotoka jana. Akina mama walikwenda. Mimi na shemeji tukabaki Nyali, tukalipa ada nyingine mfukoni, tukatembea kwa miguu hadi shimo la kwanza. Nilihesabu. Dakika kumi na mbili!

Ngome ya Fort Jesus, ambayo ilikuwa karibu kuliko Diani na Kisite, na Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, haikuwamo kwenye ratiba. Tulijipeleka kwa tuktuk. Mtu mwenye ramani angechagua uwanja kwanza, kitanda baadaye. Ukitaka Diani, lala Diani, na siku ya mapumziko upande hifadhi ya Shimba Hills ukawaone palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu. Ukilala kaskazini, cheza Nyali, au panda juu Vipingo, ndani ya Kilifi. Hata kisiwani kuna uwanja wa mashimo tisa, feri huigusi.

Nilimwomba ajenti anirudishie angalau nauli ya gari kwenye feri. Alinijibu kwa kidole gumba. Hakuna neno, kidole tu.

Nyota moja. Mama watoto amesoma hapa begani kwangu, anasema niseme ukweli wa Mungu, nyumba ilikuwa safi na yule samaki nilimwongeza mara mbili. Ni kweli. Mbili, basi.

Lakini kile kidole gumba! Moja.