Creep ya Radiohead: kodi za gita ni nne tu, kazi iko kwingine

Naipa nyota nne na nusu. Nusu iliyokatwa inahusu toleo la redioni, nitalifikia.

Singo hii ya Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, ilitoka Septemba 1992, kisha ikaingia kwenye albamu ya Pablo Honey ya 1993, wimbo wa pili. Nyumbani Uingereza haikupokelewa vizuri: BBC Radio 1 waliiona ina huzuni kupita kiasi, ikaishia nafasi ya 78. Baada ya kuvuma Israeli na Marekani ikatolewa tena 1993, safari hii ikafika nafasi ya 7.

Wengi huichagua kama wimbo wa kujifunzia gita kwa sababu ina kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nne tu: G, B, C na C maina, yaani C yenye sauti ya huzuni. Zinazunguka hivyohivyo mwanzo hadi mwisho. Ubeti, kiitikio, daraja (sehemu ya katikati kabla ya ubeti wa mwisho), vyote ni mzunguko mmoja. Kila kodi inakaa baa mbili (baa moja ni mapigo manne), mwendo ni kama mapigo 92 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mzima unakula sekunde 21 hivi. Kwenye karatasi ni mteremko. Ukipiga ndipo unagundua kwamba haifanani na ile ya kwenye rekodi.

Kosa la kwanza ni kupiga B maina badala ya B meja. Mkono uliozoea nyimbo za G huenda huko wenyewe, maana B maina ndiyo ya ukoo wa G. Ukifanya hivyo umeua wimbo. B meja inaleta D shapu (D iliyopandishwa hatua moja ndogo), noti ngeni, na humo ndimo uchungu wote ulimo. Shika kodi zote kwa kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi, ukihesabu freti, yaani vyuma vinavyokatiza shingo ya gita: G freti ya 3, B freti ya 2, C na C maina freti ya 3. Sasa angalia uzi wa pili peke yake, kuanzia ule mwembamba wa chini: kwenye G uko freti ya 3, kwenye B ya 4, kwenye C ya 5, kwenye C maina unarudi 4, halafu 3 tena. Noti inapanda hatua mbili ndogo na kushuka hatua mbili ndogo, basi. Ukipiga C ile ya wazi ya wanaoanza, noti hiyo inarukia nyuzi nyingine na ule mstari unakatika.

Kodi hizo pamoja na sehemu ya sauti zinakaribiana sana na wimbo wa The Air That I Breathe, na ndiyo maana watunzi wake, Albert Hammond na Mike Hazlewood, wametajwa kati ya watunzi wa Creep.

Kosa la pili ni nguvu. Ubeti unachambuliwa uzi mmoja mmoja, gita safi, sauti ndogo. Anayeanza na mikwaruzo tangu ubeti wa kwanza anafika kwenye kiitikio akiwa hana pa kwenda.

Halafu kuna zile "kre-krak" kabla ya kiitikio. Ni za Jonny Greenwood, mpiga gita wa Radiohead. Wimbo ulimkera kwa upole wake, akaamua kuuchokoza. Hapo hakuna kodi yoyote. Washa pedali ya distosheni (ya kukwaruza sauti ya gita) kabla tu ya kupiga, laza vidole vitatu vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi bila kukandamiza, kisha chapa kwa nguvu nyuzi zote. Ukitumia kidole kimoja, hasa karibu na freti ya 5, 7 au 12, zitatoka sauti za kengele badala ya mkwaruzo. Na ukiacha pedali ikiwaka huku umeinua vidole, ampli italia mluzi, kwa hiyo mkono usiondoke kwenye nyuzi hadi G ya kiitikio.

Kwa waimbaji: ubeti unakaa chini kwa raha, ila daraja linapanda mno kwa wanaume wengi. Shusha kila kitu freti mbili, upige F, A, B flati na B flati maina. Ule mstari wa uzi wa pili unabaki salama: 1, 2, 3, 2.

Sasa ile nusu nyota. Lipo toleo lililosafishwa kwa ajili ya redio, ambamo tusi kabla ya kiitikio limebadilishwa kuwa "very". Kwenye orodha za nyimbo mara nyingine huwezi kulitofautisha mpaka ulisikie, na bila lile tusi ule mkwaruzo unaofuata unakuwa kama ugomvi usio na sababu. Chukua la kwenye albamu, na usilipime kwa spika ya simu, kwa sababu ubeti unapotea na kiitikio kinapasuka, tumia hedifoni. Toleo la gita kavu liko kwenye EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya My Iron Lung ya 1994. Halina mkwaruzo hata mmoja, kwa hiyo ndilo zuri la kuanzia kufuatilia kodi kwa sikio.