Tiba shufaa ya Selian, Arusha: wiki sita na mama yangu

Nawaandikia mnaouguza mtu nyumbani baada ya kuambiwa "mrudisheni tu akapumzike." Nasi tuliambiwa hivyo katika hospitali tuliyoanzia, tukaondoka na Panadol. Mama alikuwa na saratani ya titi, kidonda kimeshafunguka, na usiku aliuma kanga ili wajukuu wasimsikie akilia.

Jirani ndiye aliyetuelekeza kwa timu ya tiba shufaa ya Hospitali ya Selian, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito. Nesi alifika kwetu Tengeru, akavua viatu mlangoni, akampa mama shikamoo, akakaa pembeni mwa kitanda. "Bibi, ni kitu gani kinakunyima raha zaidi?" Sote tulijua atasema maumivu. Akasema harufu. Wanakwaya wenzake walikuwa wakimsalimia kupitia dirishani.

Tukafundishwa kusafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha kusaga vidonge vya Flajili (dawa ya kuua bakteria) na kunyunyizia unga wake. Baada ya siku chache harufu ilipungua sana. Jumapili iliyofuata kwaya iliingia chumbani, ikaimba ikiwa imemzunguka.

Kwa maumivu aliandikiwa mofini ya maji. Kaka yangu aliikataa kabisa: ni dawa ya kulevya, itamuua. Nesi hakubishana naye. Alimkabidhi daftari na saa, akamwambia wewe ndiwe msimamizi. Kila baada ya masaa manne, dozi ya kulalia iwe mara mbili ya kawaida ili asiamshwe usiku wa manane, na dawa ya kulainisha choo kila siku kwa kuwa mofini inafunga tumbo. Usiku wa tatu mama alilala mpaka jogoo wakawika. Kaka alikwenda jikoni akalia.

Jueni tu kwamba manesi hawahamii kwenu. Kumgeuza, kumwosha, kumlowesha midomo ni kazi yenu, ila mtaelekezwa mpaka mikono izoee. Na msichelewe kama sisi. Ombeni rufaa ya tiba shufaa mapema, hata mgonjwa akiwa bado kwenye mionzi.

Ukweli tulikuwa tunamficha. Siku mama alipomuuliza nesi kama atapona, alijibiwa polepole, mkono wake umeshikwa. Wiki hiyo alituita, akagawa kanga zake, akasema mgomba wa nyuma ya nyumba usikatwe, akachagua wimbo wa maziko.

Nesi alirudi tulipokwisha kuzika. Alichukua chupa ya mofini iliyobaki, kisha akakaa na baba uani mpaka jua likazama.