Ripea kiti ya kabureta ya Honda CG125: mipira inunue, jeti zake ziache kwenye mfuko

Nazungumzia zile ripea kiti, yaani vifurushi vya vipuri vya kukarabati kabureta, zinazoning'inizwa kwenye maduka ya spea za pikipiki hapa Tabora mjini, mfuko mdogo wa nailoni wenye kikaratasi kilichoandikwa CG125, jina la kiwanda hakuna. Nimezitumia kwenye Honda CG125 ya zamani ambayo bado ina kabureta yake ya Keihin iliyokuja nayo. Maoni yangu: inunue kwa ajili ya gasketi, oringi na pini ya floti (floti ni boya linaloisukuma pini izibe petroli kikombe kikijaa). Jeti (vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia petroli) na sindano zilizomo usizifunge kama zako za zamani bado ni nzima, hata muuzaji akuapie.

Ndani ya mfuko unakuta jeti kubwa, jeti ndogo, sindano ndefu ya slaidi (kile kipande kinachopanda ukivuta resi) na klipu yake, pini ya floti, skrubu ya hewa na springi yake, gasketi ya kikombe cha chini, na oringi za saizi mbili tatu. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kabureta nzima, na kwa mipira peke yake pesa inarudi.

Tatizo la jeti linaeleweka ukijua CG125 ilikotoka. Honda waliianza mwaka 1976 na injini yake ya vijiti vya kusukumia valvu, kisha viwanda vingi vya China vikainakili, vikaifunga kwenye pikipiki za majina kibao na kuipandisha hadi cc 150 na zaidi. Kila mmoja akaweka kabureta yake. Leo kikaratasi cha "CG125" kinabeba ukoo mzima, na mtengenezaji wa kiti anatia jeti moja ambayo anatumaini itafaa wote. Kwenye pikipiki ya asili mara nyingi inakuwa pana mno. Hapa Tabora, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, kwa hiyo injini tayari inaelekea upande wa mafuta mengi. Ukiiongezea jeti pana, plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, pikipiki inakunywa mafuta, na ukivuta resi yote inakuwa nzito badala ya kuchangamka.

Usiamini namba iliyogongwa kwenye jeti mpya. Chukua sindano ya kushonea, ichomeke taratibu kwenye jeti kubwa ya asili mpaka isimame yenyewe, weka alama ya wino pale inapoishia, kisha ichomeke kwenye mpya. Alama ikizama, tundu la mpya ni pana zaidi hata kama namba ni ileile. Usisukume kwa nguvu, jeti ni za shaba nyeupe na zinakwaruzika upesi. Katika mifuko mitatu ya maduka tofauti, hakuna hata mmoja ambao jeti zote mbili zililingana na za asili.

Kabla ya kufungua chochote, funga koki, mwaga petroli ya kwenye kikombe kwa skrubu ya chini, na osha kabureta kwa nje. Vumbi jekundu la barabara za vijijini likiingia ndani wakati wa kufungua, kazi yote ni bure. Skrubu za kikombe ni za nyota ya Kijapani, ambayo ncha yake ni butu kuliko ya bisibisi ya kawaida. Ukitumia bisibisi ya kawaida inaruka na kula kichwa. Mafundi wa hapa hunoa ncha ya bisibisi yao kidogo kwenye jiwe ili izame vizuri. Ikigoma, gonga kitako cha bisibisi kwa nyundo mara moja mbili huku umeikaza kwenye skrubu, halafu zungusha.

Toa slaidi kwa juu na uangalie sindano imekaa mfereji wa ngapi. Sindano ina mifereji mitano na kwa kawaida klipu inakaa wa katikati. Ukiishusha klipu, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Ukiipandisha, yanapungua. Kisha toa skrubu ya hewa, lakini kwanza ikaze taratibu mpaka iguse chini huku ukihesabu mizunguko, uiandike. Ikitoka, kuna springi, washa ndogo na oringi ndogo sana. Ile oringi hubaki ndani ya tundu mara nyingi, na mtu akifunga mpya juu ya ya zamani, sailensi (mwendo wa injini bila kuvuta resi) haitulii kamwe. Ivute kwa waya mwembamba uliokunjwa ncha. Hiyo oringi, ukiniuliza mimi, ndiyo iliyolipia bei ya kiti nzima.

Sasa usafi wenyewe. Petroli ikikaa muda mrefu kwenye kabureta inakauka na kuacha gundi ya rangi ya asali, na sehemu ya kwanza kuziba ni jeti ndogo, kwa sababu tundu lake halifiki hata nusu milimita. Dalili zake hazifichiki: pikipiki inawaka kwa choki tu, ukiirudisha inazima, na sailensi haipo ingawa ukivuta resi inakwenda. Jeti hiyo usiichokonoe kwa uzi wa waya wa klachi. Ule ni chuma, unakula shaba, na tundu likishapanuka halirudi. Chukua uzi mmoja kutoka kwenye waya laini wa umeme, kama wa redio au wa chaji. Ni shaba nyekundu, una unene wa kama milimita 0.2, na unapita bila kukwaruza. Iloweke jeti kwenye tina ya rangi kwa usiku mmoja kwanza, ndipo uipitishe uzi. Ishike kuelekea mwanga. Unatakiwa kuona duara safi, lisilo na kingo za nyota.

Lakini jeti safi ndani ya mwili mchafu haina maana, na hapa ndipo kazi nyingi za haraka zinapoharibikia. Jeti ndogo inakaa mwisho wa njia inayopita ndani ya mwili wa kabureta, na njia hiyo huwezi kuiona. Chukua dawa ya kusafishia kabureta yenye mrija, ingiza mrija kwenye tundu linalokaa jeti ndogo, na upulize. Dawa lazima itoke sehemu tatu: kwenye vitundu vidogo vya sakafu ya koo (njia kuu ya hewa), chini ya slaidi na mbele yake kuelekea injini, kwenye tundu la skrubu ya hewa, na kwenye kitundu kilicho mdomoni upande wa filta. Ziba mojawapo kwa kidole na nyingine ziongeze nguvu. Isipotoka mahali pamoja, hiyo ndiyo njia iliyoziba. Loweka tena, kisha upepo wa kompresa. Vaa miwani, kwa sababu dawa inarudi kwa kasi kutoka tundu usilolitarajia, na jicho ndilo liko karibu. Kazi hii ni ya nje, mbali na jiko la mkaa na sigara. Mipira yote na floti viwe vimeshatolewa, maana dawa hiyo inaivimbisha mipira.

Bomba la katikati, lile linaloshika jeti kubwa, lina vitundu ubavuni. Watu hutoa jeti na kuliacha bomba ndani. Vitundu vyake vikiziba, pikipiki inamisi katikati ya resi huku sailensi ni nzuri na resi ya mwisho ni nzuri.

Pini ya floti ndiyo kitu cha pili kilichonifurahisha kwenye kiti. Iangalie ya zamani kwenye ncha ya mpira: ukiona duara limechimbika, ndilo linalomwaga petroli kwenye mrija wa chini pikipiki ikiwa imesimama. Kwenye Keihin hii kiti cha pini, yaani tundu inapokalia, kimeshindiliwa mwilini, hakifunguki, kwa hiyo kinasafishwa palepale. Weka Brasso (dawa ya kung'arishia shaba) kidogo kwenye pamba iliyoviringishwa kwenye njiti, zungusha kwa vidole mara kadhaa, osha kwa petroli. Ukishafunga pini na floti, geuza kabureta juu chini na upulize kwa mdomo kwenye mrija wa kuingizia mafuta. Pumzi isipite. Ikipita, usiifunge kwenye pikipiki, kwa sababu petroli inayofurika haimwagiki nje tu. Inaweza kushuka kwenye silinda mpaka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Ikinuka petroli au imekuwa nyepesi kama maji, imwage na uweke mpya kabla ya kupiga kiki.

Kimo cha floti pima gasketi ikiwa imetolewa, kabureta imeinamishwa ili ulimi wa floti uguse pini bila kuibonyeza springi yake ndogo. Kwa kabureta za aina hii, umbali kutoka ukingo wa mwili hadi mwisho wa floti huwa kati ya milimita 12 na 14, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Umbali ukiwa mdogo, mafuta yanakaa juu kwenye kikombe. Pinda ulimi wa bati kidogo sana, kisha pima tena. Floti ya plastiki isiyo na ulimi wa bati hairekebishiki.

Kabla ya kurudisha kabureta, weka rula kwenye uso unaokutana na injini. CG za zamani zimekazwa na mafundi wengi kwa spana namba 10, na uso huo hupinda kwenye masikio mawili ya bolti, katikati kukabaki mwanya. Hewa inaingia hapo, sailensi inapanda na kushuka yenyewe, na utamlaumu fundi wa kabureta bure. Tandaza msasa namba 400 kwenye kioo, usugue uso huo kwa mwendo wa nane mpaka alama ziwe sawa kote, osha, weka oringi mpya. Kaza bolti zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo.

Slaidi ina upande mmoja uliokatwa mshazari. Upande huo unatazama filta, na mfereji wake unaingia kwenye kipini kilicho ndani ya koo. Usiilazimishe. Ikifungwa kinyume haishuki yote, na pikipiki itawaka ikiwa kwenye resi kubwa. Sikiliza ule mlio wa kugonga chini ukiachia resi. Usipousikia, fungua tena.

Skrubu ya hewa ianzie mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kutoka chini. Endesha mpaka injini ipate moto, halafu zungusha robo robo ukitafuta sailensi iliyo juu na laini, kisha ishushe kwa skrubu ya slaidi. Kama skrubu ya hewa iko upande wa injini, kuifungua kunaongeza mafuta. Kama iko upande wa filta, kuifungua kunapunguza. Plagi ikiwa na rangi ya kahawia uko sawa, ikiwa nyeupe inaungua, ikiwa na masizi mafuta ni mengi.

Kiti hii haitakusaidia kama tangi lina kutu. Chungulia ndani kwa tochi, safisha kikombe cha koki na chujio lake, weka filta ndogo kwenye mpira wa mafuta, hasa ukinunua petroli ya chupa huko vijijini, ambayo mara nyingi ina maji chini. Na pikipiki ikizima baada ya mwendo kidogo halafu ikawaka ukifungua mfuniko wa tangi, kabureta haina kosa. Tundu la hewa la mfuniko ndilo limeziba.

Gasketi ya kikombe iliyomo ni nyembamba kuliko ya asili lakini inaziba. Nikinunua tena nitanunua mbili kwa pamoja, kwa sababu ile oringi ndogo inapotea chini ya benchi upesi sana. Wenye Yamaha DT na kabureta ya Mikuni, hesabu yao ni nyingine: pale kiti cha pini kinafunguka kwa spana, kwa hiyo tafuta mfuko wenye pini na kiti chake pamoja na washa yake, na usichanganye pini mpya na kiti cha zamani.