Zollverein na Big Pit: njia mbili za kuonyesha mgodi

Mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein, mjini Essen nchini Ujerumani, ulifungwa mwaka 1986, na tangu 2010 jengo lake la kuoshea makaa lina Jumba la Makumbusho la Ruhr. Mgeni hupandishwa kwa ngazi ya umeme hadi mita 24 juu, kisha hushuka ghorofa kwa ghorofa akifuata njia ileile yaliyopita makaa, huku mitambo mikubwa ikiwa imeachwa mahali pake katikati ya maonyesho. Ni usanifu wa busara, kwa kuwa jengo lenyewe ndilo linalopanga simulizi.

Big Pit, huko Blaenavon nchini Wales, ilichagua njia nyingine. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1980 na kupokea wageni kuanzia 1983. Kabla ya kushuka mita 90 chini ya ardhi, mgeni hukabidhi saa, simu na viberiti, maana cheche moja inaweza kuwasha gesi. Kisha huvaa kofia ngumu yenye taa na kuongozwa na mtu aliyewahi kuchimba makaa. Taa zinapozimwa, giza linaeleza kazi ile kuliko bango lolote.

Kwa maoni yangu, Big Pit hugusa moyo zaidi, ingawa hupokea vikundi vidogo tu, na si kila mwili unaomudu safari hiyo. Zaidi ya hayo, wachimbaji wanazeeka. Sauti zao zirekodiwe sasa, wangali hai.